Namna ya Kutibiwa kwa Tundu Dogo na Bado Uheshimike Kama Aliyepasuliwa

Umetoka kliniki umenuna, na sababu yako naijua. Ulijiandaa kwa upasuaji mkubwa, kundi la WhatsApp la ukoo limeshachanga, shangazi wa Kilosa ameuza mbuzi wawili, halafu daktari anakuambia kwamba atapita kwenye tundu la milimita mbili au tatu. Ataongozwa na ultrasaundi, siti skani au mtambo wa eksirei unaoonyesha picha zinazotembea, afike kwenye ini, figo, mshipa au kizazi, amalize kazi yake, akubandike plasta. Wenyewe wanaiita tiba radiolojia. Wewe unaiona fedheha. Shangazi utamwonyesha nini?

Tulia. Iko njia ya kutibiwa hivi na heshima yako ikabaki palepale. Ikishindikana, iko njia ya kuyavuruga matibabu kwa ustadi mpaka uipate ile shida kubwa uliyoikosa. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Anza na dharau

Sema ni kitu cha juzi, wanajifunzia mwilini mwako. Hoja hii inanoga sana barazani, ila itumie mbali na mtu anayejua mambo. Mwaka 1953 Msweden Sven Seldinger alishachapisha njia yake: choma sindano kwenye mshipa, pitisha waya ndani ya sindano, toa sindano, telezesha mrija juu ya waya. Mpaka leo ndivyo wanavyoingia, na mrija wenyewe ni mwembamba kama tambi. Hapa kwetu Tanzania mafunzo yalianza Muhimbili mwaka 2018, timu za madaktari, wauguzi na mafundi wa mitambo zikija kwa zamu kutoka Marekani, Chuo Kikuu cha Yale kikiwa mbele. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha shahada ya uzamili ya fani hiyo. Kwa hiyo ukipewa daktari kijana, usimtazame kwa jicho la shaka mbele ya watu. Msubiri ageuke.

Hatua ya 2: Funga kwa masharti yako

Utaambiwa usile chochote kwa muda wa saa 6 kabla, na maji matupu uyaache saa 2 kabla. Hospitali nyingine hufupisha tu: ukishalala, usile. Mgonjwa mwenye akili agizo hili huliwekea vifungu. Chai ya rangi si chakula. Kipande cha chapati alichobakiza mtoto si chakula, hiyo ni kusafisha sahani. Supu ni maji yaliyopitiwa na nyama. Nesi akikuuliza umekula lini, taja saa bila kupepesa macho.

Faida utaiona ukishapewa dawa ya kukutuliza. Chapati inaweza kupanda kooni na kushukia kwenye mapafu, na hapo umepata ugonjwa wa kusimulia. Ukisema ukweli, utaahirishwa tu hadi kesho na nauli ya kutoka Mbagala itakuwa imekwenda bure. Kuahirishwa kunauma, nakubali. Kuna kinachouma zaidi, lakini hicho ukoo utakieleza wenyewe kwenye tangazo.

Hatua ya 3: Ficha dawa zako

Daktari atauliza unatumia dawa gani. Jibu la mwenye staha ni "hamna". Warfarin ni ya moyo, na wewe umeletwa na ini, sasa yanahusiana nini? Aspirini ndogo ya asubuhi umeizoea hadi imekuwa sehemu ya chai. Vidonge vya sukari ni siri ya ndoa. Na ile chupa ya mizizi uliyouziwa na mzee wa stendi si dawa, ni kinga.

Ubaya ni kwamba wanaouliza hawaulizi kwa umbeya. Sindano inakwenda kwenye kiungo chenye damu tele, na wao wanataka kujua damu yako ikitoka itaganda saa ngapi. Ndiyo maana wanapima INR, yaani kasi ya damu kuganda, na chembe sahani, na figo pia, kwa kuwa dawa ya picha, ile inayofanya mishipa ionekane, hutolewa mwilini na figo. Dawa za kulainisha damu nyingine husimamishwa siku kadhaa kabla, nyingine huachwa ziendelee, na mwenye kuamua ni daktari. Hapa pana kosa la pili, tamu kuliko la kwanza: ziache zote mwenyewe, kimya kimya, kwa sababu jirani alisema. Usipozitaja unaweza kuvuja damu. Ukiziacha kiholela damu inaweza kuganda mahali isipotakiwa, ukaamka mdomo umekwenda upande. Chagua. Yote mawili yanaleta wageni wengi.

Kama unatafuta babu wa kujivunia katika uongo wa hospitalini, mtaje Werner Forssmann. Mwaka 1929, akiwa daktari kijana huko Eberswalde, Ujerumani, alikatazwa kujipitishia mrija hadi moyoni. Akamrubuni nesi mwenye funguo za vifaa kwamba yeye nesi ndiye atakayepitishiwa. Akamfunga mezani, akajifanya anamwandaa, kumbe anachoma mkono wake mwenyewe. Akausukuma mrija kwenye mshipa wake, akatembea nao hadi chumba cha eksirei, na picha ikaonyesha ncha imefika moyoni. Mwaka 1956 akapata Tuzo ya Nobeli. Wewe angalia tu mpangilio wa mambo: aliyechomwa ni aliyesema uongo. Hilo halijabadilika.

Liko pia swali la ujauzito, nalo huulizwa kwa sauti huku mama mkwe amekaa pembeni. Cheka kwa aibu, sema hapana. Au mwombe nesi mzungumze faragha, kama huna ujasiri wa kudanganya. Wamezoea, wala hawatamwambia mtu. Mtoto ambaye hajatangazwa naye hupigwa na mionzi.

Hatua ya 4: Sahau bahasha

Picha za zamani ziko kwenye bahasha kubwa ya kaki juu ya kabati. Ziache hukohuko. Daktari akikosa pa kulinganishia, utapigwa upya na utalipa upya, na risiti mpya ni kielelezo kizuri kwa waliochanga.

Hatua ya 5: Dai kisu

Hayo yakikushinda, goma. Sema, "Mimi nataka kupasuliwa kama wenzangu." Ukaidi wa mgonjwa una historia ya heshima katika fani hii. Januari 1964, mjini Portland, Oregon, bibi wa miaka 82 alikuwa amelazwa, vidole vya mguu vimeanza kuoza kwa kukosa damu. Wapasuaji wakashauri mguu ukatwe. Bibi akakataa katakata. Akapelekwa kwa Charles Dotter, daktari wa radiolojia ambaye baadhi ya wenzake walimwona ana wazimu kidogo. Dotter akaupanua mshipa wa paja uliobana kwa kupitisha mirija juu ya waya, mwembamba kwanza, mnene baadaye. Mguu ukapata joto, maumivu yakapungua, bibi akatoka hospitali anatembea kwa miguu yake miwili, na miguu hiyo akafa nayo zaidi ya miaka miwili baadaye. Ninyi wawili mnatofautiana kidogo tu: yeye aligoma kukatwa, wewe unagoma usipokatwa.

Niseme jambo moja kwa haki ya wapasuaji. Si kila ugonjwa unafaa kutibiwa kwa tundu. Zipo siku kisu ndicho jibu, na zipo siku tundu linaanza na kisu kinafuata. Kumuuliza daktari "kwa nini hii na si ile?" ni haki yako kabla ya kusaini fomu. Lakini kwa kuwa mwongozo huu ni wa kukuharibia, saini bila kusoma, halafu lalamika ukiwa korido.

Hatua ya 6: Mezani

Chumba kitakuwa na baridi kwa sababu mitambo haipendi joto. Utavuliwa nguo na kuvishwa gauni la kamba ambalo mgongoni halifungi. Hapa fahari huumia, basi ipiganie. Baki na mkufu, hereni na wigi lenye vibanio vya chuma, vitokee kwenye picha waziwazi, juu kabisa ya kile kinachotafutwa. Usitoe kucha za bandia, ili kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kihangaike.

Utaona watumishi wote wamevaa aproni nzito za madini ya risasi, na wewe umevaa kamba. Lalamika kwa sauti: mbona wao wanajikinga? Usingoje jibu, kwa sababu jibu lipo na linaharibu mchezo. Wao wako humo kila siku, miaka nenda miaka rudi; wewe unapita mara moja, na mionzi inatakiwa ikufikie ili wakuone ndani. Kama unachomwa kwa kuongozwa na ultrasaundi, mionzi haipo kabisa, lakini usikubali kunyang'anywa lalamiko zuri kwa sababu hiyo.

Halafu dai nusu kaputi, maana ndiyo yenye hadhi. Watakuambia kazi nyingi za aina hii hufanywa kwa ganzi pale kwenye tundu, pamoja na dawa ya kukutuliza kupitia dripu. Ganzi yenyewe ndiyo inayouma, kwa sekunde chache, kisha panakufa. Baada ya hapo utahisi kusukumwa na kubanwa, bila ukali. Ukihisi ukali, sema, waongeze dawa. La, nimekosea kazi yangu: mwanamume kamili hasemi. Ang'ate meno, avumilie, avumilie tena, halafu aruke ghafla wakati sindano iko kwenye ini.

Dawa ya kutuliza hulegeza ulimi na kufuta kumbukumbu. Jihadhari usianze kutaja idadi ya viwanja vyako wakati mke wako anadhani ni kimoja.

Dawa ya picha ikipita, joto litakutambaa mwilini, mdomo utapata ladha ya chuma, na kwa muda mfupi utaamini kabisa kwamba umejikojolea. Hujajikojolea. Wazee wenye heshima zao wamelia machozi juu ya meza ile kwa kudhani wameaibika, na shuka lilikuwa kavu. Kama dawa hiyo iliwahi kukutoa vipele au kukubana kifua, huo ni ushahidi mwingine wa kuficha vizuri.

Mwisho utasikia, "Vuta pumzi, bana, usitikisike." Ini na figo hupanda na kushuka na pumzi yako, na daktari analenga mahali pamoja. Huu ndio wakati mzuri wa kukohoa, kukuna pua au kuuliza kama imebaki sana.

Hatua ya 7: Usilale walipokulaza

Ukiwa umetolewa kinyama cha kupima, watakulaza kwa saa chache wakupime presha na mapigo. Ukiwa umepitishiwa mrija kwenye mshipa wa mkono, utafungwa bangili ya kubana. Ukiwa umepitishiwa kwenye kinena, umepata nafasi ya dhahabu. Utaambiwa ulale chali, mguu umenyooka, kwa saa kadhaa. Mshipa mkubwa umetobolewa, na kinachozuia damu ni kigandisho kichanga kilichotengenezwa kwa mkono wa mtu aliyekaa amekubonyeza pale kwa robo saa hivi. Kila ukikunja nyonga au ukiinua kichwa kusoma pole za ukoo, misuli ya tumbo inakaza na kigandisho kinajaribiwa.

Utainua kichwa, nakujua. Simu iko kifuani inatetemeka. Utamwomba kijana akukalishe kidogo "nipumue". Shemeji ataleta mtori kwenye chupa na kusema chakula hakiliwi umelala. Kisha litakuja suala la mkojo, na hapo ndipo wanaume wengi wazima, wenye familia na vyeo, huanguka. Nesi analeta kopo. Bwana mkubwa anatazama kopo, anatazama dari, anasema hasikii haja. Wodi ikitulia anateremka taratibu kwenda chooni kwa miguu yake, kwa heshima zake zote, na anarudishwa kwa kiti cha magurudumu akiwa na uvimbe wa damu pajani ukubwa wa embe. Heshima ya kutotumia kopo ameipata. Kitanda chake kimeongezewa siku.

Nyumbani endelea hivyohivyo. Panda bodaboda, beba ndoo mbili za maji siku ya pili, endesha gari jioni ileile wakati dawa ya kutuliza bado inakuzungusha. Ulipewa sharti la kuja na mtu wa kukusindikiza. Wewe ni mtu mzima, njoo peke yako.

Hatua ya 8: Kama umewekewa mrija, jaza daftari usiku mmoja

Wengine hurudi nyumbani na mrija: wa nyongo kwa mwenye manjano ya njia iliyoziba, wa figo kwa ambaye mkojo umekosa pa kushukia, wa usaha kwa mwenye jipu tumboni. Utafundishwa mambo machache. Mfuko ukae chini ya usawa wa tundu. Mrija usivutwe wala usikunjike. Kama wamekuelekeza kuusafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, uusafishe kama ulivyoonyeshwa. Uandike kila siku kimetoka kiasi gani. Na ule wa figo au wa nyongo ukiwa wa kukaa muda mrefu, tarehe ya kuubadilisha isikupite. Kawaida ni kila baada ya miezi mitatu hivi.

Njia ya mkato iko kwenye daftari. Usipime kitu. Usiku wa kuamkia kliniki kaa na kalamu moja, andika siku zote kumi na nne: 50, 50, 60, 50. Daktari ataona wino mmoja, mwandiko wa haraka, na doa la chai la aina moja katika kila ukurasa, lakini kwa adabu atanyamaza. Tatizo ni kwamba namba hizo ndizo zinazoamua mrija wa usaha utoke lini. Kikibaki kidogo sana kwa siku kadhaa mfululizo, unatolewa. Wewe umeandika 50, basi unaondoka nao tena.

Hatua ya 9: Uvimbe usio na kilo

Hapa pana mtihani mkubwa wa heshima, hasa kwa akina mama wenye uvimbe kwenye kizazi. Anayepasuliwa hupata kitu cha kuonyesha. Ndugu huitwa, chombo hufunuliwa, na kwa miaka ishirini baadaye hadithi huanza na "ulikuwa na kilo mbili". Anayezibiwa mishipa haonyeshi kitu. Daktari anapita kwenye kinena au mkono, anafika kwenye mishipa inayolisha uvimbe, anamwaga chembechembe ndogo kama mchanga, damu inakatika, uvimbe unanyauka taratibu ukiwa mlemle ndani. Njia hii ilitangazwa na Jacques Ravina na wenzake huko Ufaransa mwaka 1995, na kizazi kinabaki. Anayetaka kuzaa baadaye ana mazungumzo marefu zaidi ya kufanya na daktari wake kabla ya kuchagua.

Usiwaeleze ukoo kwamba uvimbe hupungua kwa miezi. Watakuuliza kesho yake kama umeisha, watalitazama tumbo, watatazamana. Wape badala yake maumivu, maana hayo yapo ya kutosha. Saa za kwanza mkazo wa tumbo huwa mkali, ndiyo maana wengi hulazwa usiku mmoja na kupewa dawa nzito za maumivu. Siku zinazofuata huja homa ndogo, kichefuchefu na uchovu wa mwili mzima, hata kwa wiki moja. Mwili unashughulika na nyama iliyokatiwa damu. Ukiwa umeambiwa mapema huogopi. Ukiwa hukusikiliza, utakodi teksi usiku wa manane ukidhani umelogwa.

Kuhusu shangazi na mbuzi wake, mwombe daktari nakala ya picha za mtambo. Ya kabla inaonyesha mishipa imejaa na kusokotana, ya baada imekatika kama mti wa kiangazi. Zichapishe kubwa. Msimamishe shangazi dirishani, mwonyeshe kwa kidole, tumia maneno mazito. Kovu hupati, lakini hakuna mwingine kijijini mwenye picha ya ndani ya nyonga yake ukutani.

Mzaha nauweka pembeni kwa mistari michache. Damu ikitoka kwenye tundu, lala chini, bonyeza kwa nguvu juu yake, piga simu, na isiposimama nenda hospitali ukiwa umebonyezwa. Mguu au mkono uliopitishiwa mrija ukiwa wa baridi, mweupe au umekufa ganzi, nenda. Homa kali yenye kutetemeka, pumzi kubana, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, uchafu wenye harufu mbaya baada ya kuzibiwa mishipa ya kizazi, mrija uliochomoka au ulioacha kutoa, nenda siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Mrija uliochomoka usijaribu kuurudisha mwenyewe.

Na namba ya simu ya wodi iandike kwenye karatasi uibandike mlangoni. Usitegemee iliyo kwenye simu yako, kwa sababu simu hiyo anayo shemeji, anajibu pole za ukoo.